Idi Iliyotukuta Kiboko

Sisi watu wa pwani tumeizoea Idi yenye watu. Usiku wake nyumba hazilali: huku mahamri yanasukumwa, kule mchele wa biriani unachaguliwa, na wasichana wamekaa mkekani na mikono yao imenyooshwa wakingoja hina ikauke. Asubuhi udi unatawala uchochoro mzima. Watoto wakishasali huzunguka nyumba kwa nyumba wakidai mkono wa Idi, na jioni fedha yote huishia kwenye bembea za Makadara. Anayekosa haya huhisi kwamba sikukuu imempita.

Mwaka 2024 mimi na wanangu tuliyakosa yote. Idi Kubwa ilitukuta Kiboko, bara, katika nyumba isiyo na udi wala hina, karibu na mwanamke mmoja aliyekuwa akihesabu siku zake. Mwanamke huyo ni mama yangu. Nimeona niwasimulie dada zangu wasomaji habari ya Idi ile, kwa kuwa naamini wako wengi ambao mwaka huu, au mwaka ujao, sikukuu itawakuta katika hali kama yetu.

Nyumba aliyoachwa

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa malori. Kwa miaka mingi alipanda na kushuka barabara ya Mombasa na Nairobi, na alipochoka na usukani alifungua hoteli ndogo ya chai na chapati pale Kiboko, ili madereva wenzake wapate mahali pa kupumzika na kusali. Kiboko ni kituo kidogo katika Kaunti ya Makueni. Ukitoka pwani utakipita baada ya Kibwezi na Makindu, na kutoka hapo hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 160. Mama alimfuata huko, nasi watoto tukabaki Mombasa na maisha yetu.

Baba alifariki katikati ya Mfungo Mosi, na tukamzika huko huko. Mama akaingia eda. Kama tujuavyo, Suratul Baqara, katika aya ya 234, imemwekea mwanamke aliyefiwa na mumewe miezi minne na siku kumi, isipokuwa mjamzito, ambaye eda yake humalizika kwa kujifungua. Kwa hesabu hiyo Mfungo Tatu ungeingia na kutoka naye bado yumo ndani.

Hapo ndipo mzozo ulipozuka baina yetu. Kaka yangu mkubwa alitaka kupeleka gari likamchukue Mama, aje afanye Idi Mombasa katikati ya wajukuu. Dada yangu alimuunga mkono, nami, nakiri, ndiye niliyepiga simu nyingi zaidi. Nilimwambia, “Mama, utakaaje Idi nzima peke yako huko porini, na wewe una watoto?” Alininyamazia kidogo, kisha akanijibu kwa sauti ya chini, “Mwanangu, Idi itanikuta nilipo. Mimi sitoki katika nyumba aliyoniacha baba yenu mpaka siku zangu zitimie. Anayetaka Idi na mimi, na aje.”

Nilikasirika. Niliona ni ukaidi wa uzeeni. Lakini nilipomuuliza ustadhi anayetusomesha darsa ya wanawake, alinisimulia kisa cha Furaya binti Malik, dada yake Abu Said al-Khudri, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao. Mumewe aliuawa, naye akaja kwa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kuomba ruhusa ya kurudi kwa jamaa zake, na mwisho akaamrishwa abaki katika nyumba yake mpaka muda utimie. Ustadhi akaongeza kwamba wanavyuoni wengi wameijenga hukumu juu ya kisa hicho, na kwamba mwenye eda aweza kutoka mchana kwa haja yake, au hata kuhama ikiwa nyumba haina amani. “Lakini mama yako,” akaniuliza, “ana khofu gani hapo alipo?” Sikuwa na jibu. Khofu ilikuwa yangu. Niliogopa kuiona nyumba ile bila ya baba.

Basi siku mbili kabla ya Idi nikawachukua wanangu watatu, tukapanda gari moshi la Madaraka pale Miritini, tukashuka Kibwezi, na kutoka hapo matatu ikatufikisha Kiboko magharibi inaingia.

Alfajiri ya kipupwe

Mwezi wa Juni ni mwanzo wa kipupwe. Kwetu pwani kipupwe ni upepo mzuri tu wa kumpunguzia mtu jasho. Kiboko iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na huko alfajiri ya kipupwe hukufanya uitafute blanketi ya pili. Mama alitugonga mapema. Alikuwa amevaa kanga mbili kuukuu na buibui la kila siku, hana mapambo wala manukato. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka sita, akamtazama mikono akauliza, “Nyanya, mbona hukutia hina, na leo ni Idi?”

Nikataka kumnyamazisha. Mama akanizuia kwa mkono. “Mwache aulize,” akasema, kisha akamgeukia mtoto. “Hina ni pambo, mjukuu wangu, nami nimeweka mapambo kando kwa ajili ya babu yako. Siku zikitimia, utanipaka wewe.” Mtoto akaridhika. Wakati mwingine sisi watu wazima ndio tunaolifanya jambo likawa zito kuliko lilivyo.

Akatumiminia maji ya kutawadhia yaliyopashwa moto, akamfunga kila mtoto shuka shingoni, na akatusindikiza hadi mlangoni. Alisimama pale akileta takbira kwa sauti ya chini. Tulipofika barabarani niligeuka, nikamwona bado amesimama.

Msikiti ulikuwa mwendo wa kiasi cha nusu saa. Waliosali hawakufika hata safu tano za wanaume, na sisi wanawake tulikuwa wachache zaidi: wake wa wafanyabiashara, wasafiri wawili waliokatiza safari yao, na dada mmoja wa Kikamba aliyesilimu ambaye alinikumbatia kana kwamba ananijua miaka yote. Alikuwa amekunywa chai ya baba yangu mara nyingi. Khutuba ilikuwa fupi. Baada yake hapakuwa na bembea wala wauza peremende, na watoto wakanitazama kama wanaouliza: sasa je?

Tukarudi kwa njia nyingine

Ni katika Sunna kwenda kusali Idi kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine. Tulikwenda kwa barabara kuu, pembeni mwa malori. Kwa hiyo tulirudi kwa njia ya mtoni, inayopita chini ya miti. Kijana wa jirani, anayeijua njia kwa kuchunga mbuzi wake, alitutangulia na fimbo kwa sababu ya nyoka na nyani.

Sikujua kama Kiboko ina pahali kama pale. Mtu apitaye na basi huona vichaka vikavu, maduka ya vinyago na vumbi. Ukiteremka kidogo kuelekea mtoni, unaingia katika kivuli. Migunga mirefu imesimama kwenye maji, magome yake ya manjano yaliyochanganyika na kijani, yamenyooka na kung’ara kama yaliyopakwa rangi. Ukungu mwembamba ulikuwa umelala juu ya maji. Nyasi zote zilikuwa nyeupe, na mwanangu wa kati, ambaye ameona picha za binamu zake walioko Uingereza, akapiga kelele, “Mama, theluji!”

Aligusa, na nyeupe ile ikageuka maji mkononi mwake. Ulikuwa umande. Nikamweleza kwamba nyasi huvaa sakitu pale tu baridi ikishuka mpaka maji yagande, na kwamba hata hapa Kenya sakitu ipo, huko nyanda za juu kama Kinangop, na kwenye mashamba ya chai ya Kericho ambako huunguza majani kana kwamba yamepitiwa na moto. Kiboko haifiki huko. Lakini kwa miguu ya watoto wa Mombasa waliovaa ndara, umande ule ulikuwa theluji ya kutosha. Walikimbia ndani yake mpaka kanzu mpya zikalowa hadi magotini, nami sikuwakemea.

Kijana wetu akatuonyesha ile migunga. Akasema wazungu waliopita zamani waliiita mti wa homa, kwa kuwa waliopiga kambi chini yake waliamka wagonjwa. Waliuogopa mti miaka na miaka, na mti hauna kosa. Hupenda kuota penye maji, na penye maji pana mbu. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, akiwa India, alipoviona vimelea vya malaria ndani ya mbu, na mti ukatoka katika tuhuma. Jina limebaki hadi leo.

Maneno hayo yalinichoma. Nilikumbuka utotoni kwetu namna mwanamke mwenye eda alivyoitwa kizuka, na namna tulivyoambiwa tusipite mbele ya dirisha lake, tusije tukapatwa na mkosi. Nilikumbuka kuzunguka uchochoro mzima ili nisikutane na macho ya jirani yetu aliyefiwa. Mtume wetu alikwisha kuzikataa imani za mikosi, lakini sisi tuliendelea kumwogopa mjane kama wale wasafiri walivyouogopa mti. Mtu aliyekuwa na haja ya kutembelewa kuliko wote ndiye tuliyemkimbia. Na je, nilipokuwa nikisema kwamba Mama hawezi kukaa peke yake, si mimi niliyekuwa nikitafuta njia ya kutokwenda kwake?

Maji yasiyoonekana

Tulifika mahali maji yanapobubujika kutoka chini ya mawe meusi. Yalikuwa mangavu kiasi cha kuhesabu kokoto. Binti yangu mkubwa akauliza mto unatoka mlima gani, kwa kuwa hakuona mlima karibu. Kijana akanyoosha fimbo upande wa kusini-magharibi, zilikojificha nyuma ya mawingu safu za Chyulu.

Milima ya Chyulu iliumbwa kwa volkano, na kilele chake kinapanda hadi mita 2,188. Jambo la ajabu ni kwamba juu yake hakuna mto hata mmoja wa kudumu. Mvua ikinyesha, na ukungu ukinaswa na misitu ya kileleni, maji yote hunywewa na mawe yale yenye vitundu. Anayetazama husema yamepotea. Kumbe yanasafiri gizani chini ya ardhi, na hutokea mbali, kwenye chemchemi za Kiboko, Makindu na Kibwezi, na upande wa pili katika chemchemi za Mzima zilizo ndani ya Tsavo Magharibi. Na kutoka Mzima, tangu miaka ya 1950, bomba limekuwa likiyateremsha maji hayo hadi Mombasa.

Binti yangu akafikiri kidogo, kisha akasema, “Basi Nyanya na sisi tunakunywa mlima mmoja.”

Ni kweli. Miaka yote ile niliyodhani kwamba wazazi wangu wamehamia ugenini, mfereji wa jikoni kwangu ulikuwa ukitoa maji ya milima wanayoitazama wao kila asubuhi. Ndiyo maana nawaomba akina mama wa Mombasa wasikie uchungu wanaposikia misitu ya huko inakatwa na kuchomwa makaa. Mfuko wa makaa tunaoununua bila kuuliza umetoka wapi waweza kuwa ni mti uliokuwa ukitunza maji yetu.

Ukingoni mwa mto palikuwa na mikindu. Kama ukindu tunasukia mikeka, mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mti huu. Mji wa jirani, Makindu, umepata jina lake kutokana na mitende hii. Nilimwomba kijana ruhusa, naye akatukatia makuti machanga machache, pasipo kugusa moyo wa mti. Binti yangu akayabeba begani hadi nyumbani.

“Mlipita njia gani?”

Tulimkuta Mama ameshaweka maji ya chai mekoni. Alizitazama kanzu zilizolowa, akayatazama makuti, na swali lake la kwanza likawa, “Mlipita njia gani?”

Tukamwambia. Watoto walizungumza wote kwa pamoja: theluji ambayo si theluji, mti uliosingiziwa, maji yanayotembea chini ya ardhi, nyani aliyewatazama kwa dharau. Mama akasikiliza mpaka wakamaliza. Ndipo akasema, “Hiyo ndiyo njia aliyokuwa akirudia baba yenu kila Idi. Mimi nilikuwa nikimngoja hapa hapa na chai. Mwaka huu nilikuwa najiuliza ni nani atakayerudi kwa njia ile.”

Nikaelewa. Alikuwa ametii amri ya Mola wake, na utiifu ule ungemtosha. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo jingine asilolisema kwenye simu. Hapa palikuwa na mlango ambao bado ungeweza kufunguka asubuhi ya Idi, na gari la kaka yangu lingemwondoa mlangoni pake.

Mchana tulichinja mbuzi mmoja. Nyama tuligawa mafungu matatu kama tulivyofundishwa: la nyumba, la jamaa na majirani, na la wenye haja. Majirani wengi wa pale ni Wakamba Wakristo. Walipoletewa fungu lao walikuja wenyewe kushukuru, na mama mmoja akaleta sufuria ya isyo, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, akaketi na Mama mkekani bila ya kusema mengi. Alimshika mkono tu. Nimehudhuria Idi nyingi zenye biriani ya sinia kumi, na sikumbuki mgeni aliyenigusa moyo kama yule.

Jioni Mama aliyachana makuti ya mkindu, akayaanika, na siku ya pili yake akaanza kumfundisha binti yangu kusuka. Kazi ya mikono haikatazwi kwa mwenye eda. Mkeka ule haukuisha tulipoondoka, lakini ulikuwa umeanza.

Kwa nyumba yenye eda

Ndugu zangu, kutokana na siku zile nimeokota mambo machache ambayo huenda yakamfaa mwenzangu.

Kwanza, tusimhamishe mwenye eda kwa ajili ya raha yetu. Tuulize wenye elimu, tumuulize yeye mwenyewe, kisha sisi ndio tusafiri.

Pili, eda haimkatazi Idi. Ataleta takbira, atasoma Qurani, atakula vizuri, atapokea wageni walio halali kwake, na mkono wa Idi ataugawa. Alichoacha ni mapambo, manukato, hina na wanja. Furaha ya ibada ni haki yake kama ilivyo haki yetu.

Tatu, tuwaache watoto waulize, na tuwajibu kweli. Mtoto anayefichwa mjane hukua akimwogopa mjane.

Nne, tuwatoe watoto nje. Mahali ambapo hapana bembea pana mto, pana ufuo au pana shamba, na kutembea na mzazi asubuhi baada ya sala ni zawadi ambayo haina gharama.

Mama alimaliza eda yake katika Mfungo Tano. Siku hiyo mwanangu wa mwisho alikumbuka ahadi yake, na hina aliyompaka nyanya yake ilifika mpaka kwenye kiwiko. Kaka yangu alikuja na lile gari, na safari hii Mama alipanda mwenyewe, akakaa Mombasa wiki tatu. Kisha akaomba arudishwe Kiboko.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu na maiti wetu wote wa Kiislamu, awape subira walio katika eda, na azikubali Idi zetu, zenye watu na zenye kimya. Amin.